Nadhiri ya Kipindi cha Kumi na Mbili

Siku niliyofaulu mtihani wa lugha, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga kelele ya furaha mpaka trei ya mo kaeng ikanitoka mkononi. Kitu cha pili, nilikaa juu ya kreti ya mayai nikalia. Watu wa sokoni walidhani ni machozi ya furaha, wakaanza kunipigia makofi. Hayakuwa ya furaha. Nilikuwa nimeikumbuka nadhiri yangu, na nilikuwa nimekumbuka kwamba leo ni Ijumaa.

Jina langu ni Prayong, lakini sokoni wananiita Shangazi Yong. Nina miaka hamsini na minane. Ninauza mo kaeng, keki laini ya mayai, tui na sukari ya mvumo, hapa mjini Phetchaburi, karibu na daraja. Niliacha shule nikiwa darasa la nne ili nimsaidie mama kupiga mayai. Miaka minne iliyopita nilijiandikisha masomo ya jioni, nami nashukuru kila siku kwa hatua hiyo. Kabla ya darasa nasali, na nikirudi nasali tena. Baada ya sala ya pili, kama hakuna vyombo vya kuosha, natazama tamthilia za vijana wawili.

Najua mnaozijua mmekwisha tabasamu. Kwa msiozijua: ni hadithi za vijana wa kiume wanaopendana, na siku hizi hapa kwetu zipo nyingi kuliko mayai. Nilianza kwa bahati tu. Kaewta, binti wa nyumba ya pili mwenye saluni ya kucha hapo hapo kwao, aliniomba nimshikie simu wakati anapaka rangi mguu wa mteja. Nilishika simu, nikatazama, mteja akaondoka, akaja mwingine, na mimi bado nimeishika.

Tangu hapo nimezitazama za kwetu, za Japani, za Korea, za Taiwani, hata za Ufilipino. Nina maoni, na ninayaamini. Za Japani ni nzuri kwa mtu mwenye subira, kwa sababu vijana wale wanahitaji vipindi vinane ili kidole kiguse kidole, lakini kikigusa, nyumba nzima inatetemeka. Za Korea ni fupi mno. Unachemsha maji ya wali, unarudi, wameshaachana na kurudiana. Za Taiwani zina akina mama wazuri, wanaokaribisha wageni mezani. Za China, wawili wale ni marafiki tu, jamani, marafiki tu, wanatazama mwezi pamoja na kufa mmoja kwa ajili ya mwenzake. Na za kwetu ni tamu kupita zote, ila zina kasoro zake, nami sizifichi. Kila kijana mzuri anasoma uhandisi. Nimehesabu kumi na tisa. Kama nchi ina wahandisi wote hao, kwa nini njia ya kwenda sokoni ina mashimo? Halafu katikati ya machozi mmoja anatoa krimu ya uso mfukoni na kumwambia mwenzake inazuia jua. Na msichana yeyote anayetokea ni lazima awe mkorofi wa kupiga kelele. Hilo linaniudhi kweli. Mimi pia ni mwanamke, na sijawahi kumsukuma mtu kwenye bwawa la kuogelea.

Lakini mwaka huu ilikuja *Chumvi na Mvua*, na nikasahau kasoro zote.

Ilipigwa picha hapa hapa mkoani kwetu, kwenye mashamba ya chumvi kando ya bahari. Khram ni mtoto wa mkulima wa chumvi, kijana wa maneno machache, mwenye mabega ya mtu anayefanya kazi. Din ni ofisa wa hali ya hewa kutoka Bangkok. Siku ya kwanza Din anasema mvua haitanyesha, inanyesha, na chumvi ya Khram ya miezi miwili inayeyuka mbele ya macho yake. Hapo ndipo wanapojuana. Hakuna mhandisi hata mmoja. Nilipoona hivyo nilipiga magoti mbele ya meza yangu ya sala nikashukuru.

Nilianza hata kuwaombea. Kila jioni mwisho wa sala tunawatakia heri viumbe wote, nami baada ya mama yangu marehemu, jirani zangu na paka wa sokoni, niliongeza Khram na Din. Kaewta alinisikia kupitia ukutani. Ukuta wetu ni wa mbao.

"Shangazi, hao si watu wa kweli!"

"Heri haipungui ikipelekwa mbali," nilimjibu. "Niache nimalize."

Sasa, mtihani. Nilikuwa nimeufeli mara tatu, na kila mara ni insha iliyoniangusha. Mwalimu wetu wa jioni, Mwalimu Natcha, ana umri wa kuwa binti yangu. Aliniita pembeni mwezi mmoja kabla ya mtihani wa nne.

"Shangazi Yong, nikikuuliza jambo usinikasirikie. Ile insha ya usafi wa mto, uliyaamini uliyoyaandika?"

"Niliandika wanayotaka kusikia."

"Ndiyo maana wanalala wakiisoma. Safari hii andika jambo unalolipenda mpaka linakukosesha usingizi."

Basi nikaandika zoezi juu ya tamthilia za vijana wawili, na Mwalimu akalisoma mbele ya darasa. Uso wangu ulikuwa wa moto kama oveni. Nilikuwa nimeandika hivi: "Maoni yangu ni kwamba hadithi ya mapenzi isimalizike kwa harusi wala kwa mazishi. Zamani hadithi za vijana hawa zilimalizika mmoja amekufa, kana kwamba mtunzi aliogopa adhabu. Siku hizi zinamalizika kwa pete na maua, kana kwamba mtunzi ana haraka ya kwenda nyumbani. Mimi napenda ziishie kazini. Mtu anayekupenda utamjua akishika upande wa pili wa kitu kizito."

Kisha Dada Chaluai akacheka kwa sauti.

Dada Chaluai ana miaka sitini na saba, na yuko darasani kwa sababu hakuwahi kufundishwa kusoma. Kwa miaka thelathini alikuwa mwanamfalme. Namaanisha katika kundi la chatri, ngoma ya kuigiza hadithi, lile linalokodishwa hekaluni na watu wanaotimiza nadhiri. Wanawake ndio wanaocheza wanamfalme, na yeye alikuwa nyota wao. Hata sasa, mchezaji akiugua, wanamwita. Anatembea kama mtu aliyevaa taji, hata akienda kununua vitunguu.

"Yong, mdogo wangu," alisema, "hao vijana wako wanatazamana vipindi kumi na viwili! Mimi kwa alasiri moja nimempenda binti mfalme, nimeibiwa, nimeua jini na nimerudi nyumbani kula."

"Na huyo binti mfalme alikuwa nani?"

"Alikuwa Samniang, marehemu. Mchezaji mzuri sana."

"Mwanamke?"

"Mwanamke, ndiyo."

"Na wewe mwanamke. Mlipendana jukwaani miaka thelathini. Nani alilalamika?"

"Watazamaji walilia," alisema, "na kunivisha maua shingoni."

"Basi na mimi niache nilie."

Darasa lote lilipiga meza. Lakini Dada Chaluai si mtu wa kushindwa hadharani. "Tatizo langu si mapenzi yao," alisema. "Tatizo langu ni kwamba hawajui kusimama. Nimewaona kwenye simu ya Kaewta. Wanasimama kama nguo kwenye kamba."

Jumapili ya mtihani niliandika insha ile ile, nikaongeza Chumvi na Mvua na sababu zangu zote. Nilipotoka nje, hofu ikanikamata. Nimeandika nini? Msahihishaji ni mzee fulani mwenye miwani, na mimi nimemweleza mabega ya Khram! Nilikwenda moja kwa moja hekaluni, nikawasha vijiti tisa vya udi mbele ya Luang Pho, sanamu yetu takatifu ambayo mji mzima huiletea haja zake.

Wengine huahidi mayai mia ya kuchemsha. Mimi mayai ni kazi yangu. Nikiahidi mayai si sadaka, ni kama kuhamisha bidhaa. Nilitaka kutoa kitu kinachouma. Kwa hiyo nilisema kwa sauti, na watu walisikia: "Luang Pho, nikifaulu, tangu siku ya matokeo sitatazama tamthilia yoyote kwa siku thelathini."

Nakiri kwamba nilipiga hesabu kabla. Mwalimu alituambia matokeo hutoka baada ya wiki sita. Kipindi cha kumi na mbili, cha mwisho, cha Chumvi na Mvua kilikuwa Ijumaa ile ile, siku tano tu mbele. Nitakitazama kwa raha zangu, nikawaza, kisha baadaye nitafunga. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu hapigi hesabu za pembeni mbele ya Luang Pho.

Na kipindi cha kumi na moja kilikuwa kimeniacha vibaya! Wanaozitazama wanajua: cha kumi na moja ndicho cha kutenganisha watu. Hata wapendanao wenye akili timamu, wakifika cha kumi na moja, mmoja anapata barua. Din alipata barua ya kuhamishiwa kaskazini. Khram, badala ya kumwambia baki, alisema, "Huko kuna mlima mzuri." Kuna mlima mzuri! Nilimtupia mto. Kikaisha Din yuko kwenye kituo cha treni na wingu jeusi linapanda juu ya chumvi. Wiki nzima sikula vizuri.

Kisha Ijumaa asubuhi, saa nne, Mwalimu Natcha alikuja sokoni na pikipiki yake, kofia bado kichwani, akipiga honi.

"Shangazi Yong! Mwaka huu wamewahi! Umefaulu! Insha umepata alama ya juu kuliko wote wilayani!"

Hapo ndipo trei ilipoanguka.

Nilipoweza kusema, niliwaeleza kwa nini nalia. Mwalimu aliketi kwenye kreti kando yangu, uso umempauka. Ndipo nikajua kwamba na yeye huitazama.

"Leo?" alisema. "Shangazi, leo? Saa moja jioni?"

"Leo."

Kaewta alikimbia kutoka saluni yake na brashi ya rangi mkononi. "Badilisha! Kampe mayai! Mayai mia mbili, nitakusaidia kuyamenya!"

"Sikuahidi mayai."

"Mia tatu!"

"Kaewta, mwanangu. Ukimwahidi mtu samaki, hapokei maelezo."

Na sisi wote tuliokua hapa tunajua hivyo. Nadhiri hutimizwa kwa kitu kile kile kilichotajwa. Mke wa muuza mkaa aliahidi kucheza ngoma mwenyewe, kisha akaona haya, akakodi wachezaji. Alivimba goti mwaka mzima mpaka aliporudi akacheza kwa goti hilo hilo. Mimi sikuogopa goti. Niliogopa kitu kingine. Nimesubiri cheti hiki miaka minne. Nikivunja neno langu siku ile ile niliyokipata, nitakitundika ukutani kwa uso gani? Kila nikikitazama nitaona kipindi cha kumi na mbili.

Dada Chaluai alikuwa amesimama na vitunguu vyake, amesikia yote. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka.

"Macho ni yako na nadhiri ni yako," alisema. "Mimi nina macho yangu. Kaewta, niwekee kiti jioni. Nitaitazama mimi. Kesho asubuhi, Yong, njoo hekaluni kushukuru, nami nitakusimulia."

"Wewe? Si unasema wanasimama kama nguo kwenye kamba?"

"Nitavumilia. Kwa ajili yako, mdogo wangu, nitatazama nguo."

Saa moja jioni nilikaa mbele ya meza yangu ya sala. Simu nilikuwa nimeifungia kwenye ndoo ya sukari. Nikaanza kusali, na kwa upande wa pili wa ukuta wa mbao nikasikia muziki wa mwanzo. Nilipandisha sauti. Nilisali sala zote ninazozijua, kisha nikazirudia. Dada Chaluai akasema kitu kwa hasira. Kaewta akasema, "Nyamaza Bibi, ngoja!" Halafu, nadhani kilikuwa kimekaribia mwisho, wakapiga kelele.

Ilikuwa kelele ambayo sijawahi kuisikia. Kaewta, wateja wake wawili, na juu yao sauti ya mwanamfalme wa miaka thelathini. Haikuwa kelele ya furaha, wala haikuwa ya msiba. Ilianza kama ya msiba, ikageuka. Au ilianza kama ya furaha? Nilisimama bila kujua. Mkono wangu ulikuwa kwenye mfuniko wa ndoo ya sukari.

Nauleza ukweli kwa sababu ninapenda ukweli: mkono ulikaa pale muda mrefu. Kisha nikaurudisha, nikaketi, nikawatakia heri viumbe wote. Nilipofika kwa Khram na Din nilisita, maana sikujua kama bado wako wawili. Nikawataja kila mmoja peke yake, kwa usalama.

Asubuhi nilifika hekaluni kabla ya jua kuwa kali. Nilibandika karatasi ya dhahabu kwenye sanamu, nikashukuru, nikaenda kwenye banda la ngoma. Jumamosi huwa kuna watu wengi wanaotimiza nadhiri, na kundi la chatri lilikuwa tayari, ngoma na matoazi, wachezaji wakijipaka poda. Dada Chaluai alikuwa amekaa nyuma ya ngoma. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umelala, Dada?"

"Nimeitazama mara mbili," alisema kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. "Na nimerudi kipindi cha kwanza, nikaanza mwanzo. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia miezi mitatu!"

"Uliniambia habari za mabega. Hukuniambia kwamba yule wa hali ya hewa huandika mvua ya kila siku kwenye daftari na kumwachia mwenzake mlangoni. Daftari, Yong! Mimi najifunza kusoma na uzee wangu wote, na kijana anatongoza kwa daftari la mvua! Nilisoma lile daftari mwenyewe kwenye skrini, neno kwa neno. Kaewta alisimamisha picha ili nimalize."

Akafuta macho kwa mkono, akasimama. "Kaa pale. Siwezi kukusimulia nikiwa nimekaa."

Akamwambia mpiga ngoma kitu. Mzee yule akacheka, akaanza taratibu, mdundo ule wa mwanamfalme anayesafiri. Dada Chaluai akapanda jukwaani na sketi yake ya sokoni. Akainua mguu, akageuza kiganja, na mara moja hakuwa mwenye vitunguu. Alikuwa Din, kituoni, na sanduku.

Halafu nikashtuka.

"Dada! Ngoja! Hii si ni kutazama?"

Ngoma ikanyamaza. Watu waliokuja na mayai yao walinigeukia wote. Dada Chaluai alibaki na mguu mmoja hewani.

"Kutazama nini? Mimi si televisheni."

"Niliahidi sitatazama tamthilia yoyote. Yoyote. Nilisema yoyote."

Alifikiri, mguu bado juu. Nakwambia, ana miaka sitini na saba. Kisha akasema kwa sauti ya jukwaani, "Basi fumba macho!"

Nikafumba. Nikafunika na viganja juu, ili Luang Pho asiwe na shaka. Na watu wakacheka, ngoma ikaanza tena, nami nikasikia miguu ya Dada Chaluai kwenye mbao na sauti yake ikiimba maneno anayoyatunga papo hapo, kama walivyokuwa wakifanya zamani.

Aliimba jinsi Din anavyokaa kituoni na tiketi mkononi. Anatazama juu, kwa sababu ni kazi yake kutazama juu, na anaona wingu. Anajua saa ya mvua: saa tisa na robo. Anajua kwamba Khram yuko shambani peke yake na chumvi ya msimu mzima haijafunikwa, na turubai lile halivutwi na mtu mmoja. Treni inaingia. Milango inafunguka. Ngoma ilipiga treni. Mzee yule aliipiga vizuri mpaka mtoto wa mtu akauliza iko wapi.

"Akasimama mlangoni," aliimba Dada Chaluai, "mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje," na nikajua, bila kuona, kwamba amesimama vile kweli. Halafu akashuka kutoka kwenye wimbo na kusema kwa sauti ya kawaida, "Na alisimama vizuri, Yong. Nataka niseme hivyo mbele ya watu. Nilikosea. Kijana yule anajua kusimama."

"Endelea!" akasema mama mmoja mwenye trei ya mayai. "Alipanda au hakupanda?"

"Kipande hiki ndicho tulichopigia kelele," alisema Dada Chaluai. Mbao zikalia chini ya miguu yake. Alikuwa anageuka. "Basi shambani, tone la kwanza..."

"Basi!" nilisema.

Ngoma ikakatika, miguu ikasimama.

"Basi nini?"

"Ishia hapo, Dada. Niachie."

"Umechanganyikiwa? Imebaki dakika kumi! Ni nzuri kuliko zote!"

"Ndiyo maana." Bado nilikuwa nimefumba macho, na machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. "Niliahidi kitu kinachouma. Ukinisimulia chote, hakiumi tena. Na nilimpigia Luang Pho hesabu za pembeni, akanifaulisha hata hivyo. Siku ishirini na tisa. Naweza."

Mama mwenye mayai akalalamika, "Yeye ana nadhiri, mimi sina! Mimi nisimuliwe!" Watu wakaangua kicheko, nikaondoka nikiwa nimeziba masikio, nikimwachia Dada Chaluai jukwaa na watu wake. Nilipofika langoni nilisikia, hata kwa masikio yaliyozibwa, banda zima likipiga kelele ile ile ya ukutani.

Siku ishirini na tisa! Sijui kama mmewahi kuwa na soko zima linalowatunzia siri. Nikipita, watu walikuwa wanakata maneno. Muuza nguruwe wa kuchoma aliweka kidole mdomoni. Kaewta alivua fulana yenye picha ya mwisho wa Chumvi na Mvua kila aliponiona, akaigeuza ndani nje. Watu wa Bangkok walianza kuja kwa mabasi kupiga picha kwenye mashamba ya chumvi, wakanunua mo kaeng yangu, na mmoja alipoanza kusema, "Ni hapa ndipo Din ali..." Mwalimu Natcha, aliyekuwa ananunua, alimziba mdomo kwa kipande cha mo kaeng. Kijana wa watu! Alisema ni tamu.

Lakini aliyepata shida zaidi alikuwa Dada Chaluai. Alikuwa ameanza kuzitazama zote. Alikuja kibandani kila siku na maoni mapya, na hawezi kusema nusu yake.

"Za Japani nimezielewa," aliniambia siku ya kumi na mbili. "Wale wanacheza kwa shingo. Kama sisi. Ukiwa na taji zito, huwezi kugeuza kichwa ovyo, kwa hiyo ukigeuza, watu wanalia."

"Na za kwetu?"

"Za kwetu wanabusiana mapema mno. Wapewe taji."

Siku ya ishirini alikuja kunionyesha karatasi. Alikuwa ameandika sentensi nne kwa mkono wake, maoni yake ya kwanza, ili Kaewta ayapeleke kwenye ukurasa wa mashabiki. Nilisoma tatu. Ya nne alikuwa ameikunja na kuibana kwa pini ya nguo, kwa sababu ilihusu mwisho.

Siku ya thelathini na moja ilikuwa Jumapili. Nilisali mapema, nikaenda saluni ya Kaewta saa mbili asubuhi. Walikuwa wamenisubiri: Kaewta, Mwalimu Natcha, na Dada Chaluai aliyevaa hariri kana kwamba ni harusi. Cheti changu nilikuwa nimekuja nacho. Nilikiegemeza kwenye chupa za rangi, kitazame na chenyewe.

"Kipindi hiki nimekiona mara kumi na moja," alisema Dada Chaluai akinishika mkono. "Ukihitaji kitu chochote, nipo."

"Nahitaji unyamaze."

"Hilo ndilo gumu."

Kituo. Tiketi. Wingu. Alikuwa ameniimbia sawasawa kabisa, hata mguu mmoja ndani na mmoja nje. Milango ya treni ikafungwa. Treni ikaondoka na jukwaa la kituo likabaki tupu, hakuna mtu, hakuna sanduku. Amepanda! Nilimbana Dada Chaluai vidole mpaka akaguna. Shambani, tone la kwanza likaanguka juu ya chumvi. La pili. Khram anakimbia, anavuta turubai, upande mmoja unakuja, upande wa pili unapeperushwa na upepo. Anavuta, anaanguka, anainuka. Mvua inakuja kama ukuta. Anavuta tena, na turubai linakaza. Halipeperuki. Anageuza kichwa polepole, kama mwenye taji.

Upande wa pili, mikono miwili imeshika pembe ya turubai. Din, amelowa, sanduku limetupwa kwenye matope nyuma yake. Hawasemi neno. Wanavuta pamoja, kazini, kila mmoja upande wake wa kitu kizito.

Ndipo nikajua kelele ile ya ukutani ilikuwa ya aina gani, kwa sababu niliipiga mwenyewe. Ilianza kama ya msiba. Paka wa Kaewta alitoka kwa dirisha. Mwalimu alikuwa analia, Kaewta alikuwa anaruka, na mimi nilikuwa nimesimama nikishika cheti changu kifuani, nikisema, "Niliandika! Si niliandika? Kazini! Niliandika kwenye mtihani!"

"Shhh!" Dada Chaluai alinivuta sketi. "Kaa chini, Yong, kaa! Hakijaisha, kuna kipande kingine baada ya majina ya waigizaji!"